Ada ya Kengele ya Dharura Ikibishaniwa: Njia Nne za Kudai Nairobi, Zikiwekwa Bega kwa Bega

Katika ankara ya kila mwezi ya fleti aliyopanga shangazi yangu mtaa wa South C, chini ya kodi, maji na uzoaji taka, palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa "huduma ya dharura, 1,800". Aliulipa kwa M-Pesa miezi kumi na minne bila kuuliza, kwa kuwa ana umri wa miaka 79, anaishi peke yake, na daktari alishamwambia kwamba akianguka tena asijaribu kuinuka mwenyewe. Mwezi wa kumi na tano, 1,800 ikawa 2,900. Aliposhuka kuuliza, msimamizi wa jengo alimjibu kwa adabu, "Mama, hiyo ni ada ya kila mtu." Naye akamwambia, "Kijana wangu, sijauliza ni ya nani. Nimeuliza ni ya nini."

Swali hilo lilituhangaisha mimi na binamu zangu kwa karibu miezi mitano, na sehemu kubwa ya muda huo tuliipoteza kwa kubisha mlango usio wetu. Ndiyo maana nimeamua kuziweka njia za kudai pamoja, kwa manufaa ya wanaoishi katika nyumba zenye kengele ya dharura, ziwe makao ya wastaafu, fleti zenye wauguzi, au majengo ya kawaida ambamo huduma hiyo imeongezwa, na kwa manufaa ya watoto wao wanaolipa ada hiyo wakiwa mbali. Ninaposema kengele ya dharura ninamaanisha kile kitufe kilicho kando ya kitanda, ile kamba nyekundu inayoning'inia bafuni, na kile kidude cha kuvaa shingoni: ukikibonyeza, simu inalia langoni kwa mlinzi au katika kituo cha kampuni, na mtu anatakiwa afike.

Mambo ya kupimia kabla ya kuchagua njia

Kipimo cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote, ni aina ya swali ulilo nalo. Ugomvi wa ada hii huonekana kuwa mmoja, lakini ndani yake mna maswali manne yasiyofanana. Je, ada ilikubaliwa, au ilichomekwa katika ankara baada ya mkataba kutiwa sahihi? Je, huduma yenyewe inafanya kazi? Je, kiasi kinacholipwa kinalingana na kinachotolewa? Na je, anayepaswa kulipa ni mpangaji, mwenye fleti, au wakazi wote kwa pamoja, wakiwemo wasiofungiwa kifaa? Anayeshindwa kutaja swali lake kwa sentensi moja atazungushwa katika kila ofisi atakayoingia, hata kama ana haki.

Vipimo vinavyofuata ni gharama ya kufuata njia hiyo, muda itakaochukua, uzito wa uamuzi utakaopatikana, na namna mtakavyoishi baada yake. Hicho cha mwisho hupuuzwa na vijana wenye hasira, nami nilikuwa mmoja wao. Mzee ataendelea kuishi katika jengo lile lile, na mlinzi anayetegemewa kupanda ngazi usiku wa manane ni mwajiriwa wa watu wale wale unaowadai.

Kabla ya kuingia katika njia zenyewe, kuna mambo mawili yanayofaa kila njia. La kwanza ni kutenganisha fedha na kitufe. Usikubali huduma ikatwe kwa sababu ada inabishaniwa, na usijikatie mwenyewe kwa kuacha kulipa kila kitu. Katika mikataba mingi ya Nairobi ada ya huduma imeandikwa kuwa sehemu ya kodi, na sheria ya kukamata mali ya mpangaji kwa deni la kodi, Sura ya 293 ya Sheria za Kenya, humruhusu mwenye nyumba kumtumia dalali mwenye leseni. Afadhali ulipe kile kiasi cha zamani usichokibishia, na kile unachokibishia ukilipe huku ukiandika waziwazi kwamba unalipa kwa pingamizi, au ukizuie kwa barua inayoeleza sababu, endapo mkataba unakupa nafasi hiyo. Dai la mkataba hudumu miaka 6 tangu haki ilipovunjwa, kwa hiyo kulipa leo hakukunyang'anyi nafasi ya kudai kesho.

La pili ni ushahidi, na hapa naomba msomaji avumilie nieleze kwa urefu, kwa maana ndipo kesi nyingi hufa. Siku moja saa tisa alasiri nilivuta kamba ya bafuni kwa kusudi, nikiwa na saa ya simu mkononi. Kwanza ilinibidi niifungue: mfanyakazi wa usafi alikuwa ameikunja na kuifunga juu kwenye bomba ili isilowe anapopiga deki, na mtu aliyelala sakafuni asingeifikia hata kwa ncha ya vidole. Nilipoivuta, taa nyekundu iliwaka ukutani. Chini langoni kifaa hakikulia, kwa sababu laini ya simu iliyomo ndani yake ilikuwa imeishiwa salio. Nilipompigia mlinzi kwa simu yangu mwenyewe alipanda mara moja, akihema, lakini hakuwa na ufunguo wa akiba. Kama shangazi angekuwa ndani peke yake, angesimama nje ya mlango. Niliandika tarehe, saa, na kila nilichokiona, mlinzi akaweka sahihi. Karatasi hiyo moja ilikuwa na nguvu kuliko barua zetu zote za malalamiko. Jaribio kama hilo lifanyike angalau mara mbili, siku tofauti, na mlinzi ajulishwe baada ya jaribio ili asihangaike bure. Jumbe za M-Pesa zihifadhiwe zote, na ankara zipangwe kwa miezi.

Njia zenyewe

Njia ya kwanza ni meza ya ndani ya jengo: msimamizi, kampuni ya usimamizi, au shirika la wamiliki wa fleti. Sheria ya mwaka 2020 inayohusu umiliki wa fleti moja moja ndani ya jengo inawaweka wamiliki katika shirika linalokusanya michango ya uendeshaji, na inatoa nafasi ya kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro.

Njia ya pili ni upatanishi, ambapo mtu wa tatu asiyeegemea upande wowote huwakalisha wahusika wakatafuta mapatano. Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 inazitaka mahakama zikuze usuluhishi, upatanishi na njia za jadi za kumaliza migogoro, na hapa Nairobi mpango wa upatanishi ulioambatanishwa na mahakama ulianzia katika mahakama za Milimani mwaka 2016. Upatanishi pia hufanywa nje ya mahakama kabisa, kwa mpatanishi mliyemchagua, mzee wa mtaa, au kiongozi wa dini anayeheshimiwa na pande zote.

Njia ya tatu ni malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo licha ya jina lake hushughulikia pia haki za watumiaji wa huduma. Njia ya nne ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani Aprili 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Wasomaji wengi wataniuliza kuhusu baraza la kodi za nyumba lililo chini ya Sura ya 296. Sikuliweka katika orodha kwa sababu mamlaka yake ni juu ya nyumba za kukaa ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Jengo lenye kengele ya dharura kwa kodi ya namna hiyo ni nadra sana Nairobi, ingawa kama unaishi katika nyumba hiyo, baraza hilo ni lako na ulitumie.

Kila njia inaweza kujibu swali lipi

Hapa ndipo tofauti ilipo. Meza ya ndani ni mahali pazuri pa kujibu swali la kufanya kazi na swali la kiasi, kwa sababu wao ndio wenye mkataba na kampuni ya kuitikia dharura, na wao ndio wenye hesabu. Unapofika, usiulize kwa nini ada ni kubwa, omba mchanganuo. Ada ya aina hii hujengwa na vitu vitano: bei ya kifaa na kukifunga, laini ya simu, kituo kinachopokea simu usiku na mchana, mlinzi au gari linaloitikia, na betri pamoja na ukaguzi. Bei ya kukifunga kifaa hulipwa mara moja, kwa hiyo ikiwa bado inatozwa baada ya mwaka wa tatu una hoja. Mlinzi wa langoni ambaye mshahara wake tayari umo katika ada ya ulinzi asihesabiwe tena katika ada ya dharura. Udhaifu wa meza hii huonekana katika swali la nani alipe, kwa sababu shirika ni la wamiliki, na mpangaji si mwanachama wake. Sisi tulianzia hapo kwa barua nzuri ya kurasa tatu, na mwenyekiti akatujibu kwa ukweli mtupu kwamba anayeweza kusikilizwa katika mkutano ni mwenye fleti, aliyekuwa akiishi ng'ambo na hakuwa akijibu barua pepe. Wiki sita zikapita.

Upatanishi hauna mipaka ya aina ya swali, na hiyo ndiyo hazina yake. Katika kikao kimoja mnaweza kuzungumza kuhusu kiasi, kamba iliyofungwa juu, ufunguo wa akiba, na barua ya kuomba radhi, mambo ambayo hakuna mwamuzi atakayeyaweka pamoja katika hukumu. Hata hivyo upatanishi haujibu swali la haki. Ukitaka isemwe rasmi kwamba ada ilitozwa kinyume cha sheria, hutaipata kauli hiyo hapo, na upande wa pili ukikataa kuja, hakuna kikao.

Mamlaka ya Ushindani ndiyo yenye jibu kali zaidi kwa swali la makubaliano. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 kinamkataza mtoa huduma kutoza ada kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa jina lolote itakaloitwa, ikiwa haikuwekwa wazi kwa mtumiaji kabla ya kutozwa au kabla ya huduma kutolewa, na kinampa mtumiaji haki ya kuelezwa ada zote zinazokusudiwa. Soma sentensi hiyo tena ukiwa na ankara yako mkononi. Mstari mpya uliojitokeza mwezi wa sita bila notisi ndio hasa uliolengwa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inamzuia muuzaji kudai malipo ya huduma ambayo mtumiaji hakuiomba, ingawa kwa maoni yangu hoja hiyo ni imara pale kengele inapouzwa kwa mkataba wake, na hulegea pale ilipofungwa ndani ya mkataba wa kupanga nyumba. Lakini ukiipelekea Mamlaka swali la kiasi tu, kwamba 2,900 ni nyingi na ulielezwa mapema, hoja yako itakuwa nyembamba.

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya fedha yanayotokana na mikataba ya kuuza na kutoa bidhaa au huduma, fedha zilizopokewa kwa niaba ya mwingine, hasara ya mali na fidia ya majeraha. Kwa hiyo dai la "nirudishiwe 1,800 mara kumi na nne, yaani 25,200, kwa kuwa huduma niliyoilipia haikutolewa" lina makao hapo. Lisilo na makao ni dai la umiliki au ukaaji wa ardhi. Ukichanganya ada ya kengele na ugomvi wa kufukuzwa nyumba, unaweza kuipoteza kesi kabla haijaanza. Liandike dai lako kama dai la fedha za huduma, na liwe hilo tu.

Inasaidia kutazama Uingereza, ambako nyumba za wazee zenye kengele kama hizi zimekuwapo kwa miongo mingi na migogoro yake imezoeleka. Huko sheria ya mwaka 1985 kuhusu wenye nyumba na wapangaji inasema ada ya huduma inayobadilika hulipwa tu kwa kadiri gharama zilivyotumika ipasavyo na huduma ikawa ya kiwango kinachofaa, na kuna baraza maalumu la kuamua hilo. Pia ruzuku ya serikali ya kusaidia kodi hailipii kengele ya dharura, hivyo mstaafu huitoa mfukoni mwake, na ndiyo sababu watu huko huibishia hata senti. Mpangaji wa Nairobi hana kifungu kama hicho cha kuegemea. Ana mkataba wake na sheria za watumiaji. Lakini yale maswali mawili, gharama inafaa na kiwango kinafaa, yanaweza kuandikwa katika barua yako hapa Nairobi neno kwa neno, na mpatanishi yeyote mwenye busara atayaelewa.

Gharama na muda

Meza ya ndani haitozi kitu, ila hugharimu subira. Hakuna anayelazimika kukujibu kesho, kwa hiyo barua yako iwe na tarehe ya mwisho, siku kumi na nne zinatosha, na iseme hatua utakayochukua zikipita. Iwasilishe kwa mkono na upigiwe muhuri nakala, au uitume kwa barua pepe kisha uipige picha ya skrini.

Upatanishi wa mzee wa mtaa au kiongozi wa dini unaweza kukugharimu chai na nauli. Mpatanishi wa taaluma hulipwa, na kwa ada ya 1,800 kwa mwezi haifai mtu mmoja amlipe peke yake. Wakazi kumi wakichangiana inafaa. Kwa upande wa muda, kikao kimoja au viwili hutosha pale pande zote zikiwa na nia. Chetu kilichukua jioni moja, kwa muda wa saa tatu.

Malalamiko kwa Mamlaka hayahitaji wakili, na kazi kubwa ni ya kupanga nyaraka. Muda wake hauko mikononi mwako, kwa sababu uchunguzi ni wao na wana mengi mezani. Mzee anayehitaji kengele ifanye kazi wiki hii asiitegemee njia hii peke yake.

Mahakama ya Madai Madogo inabanwa na sheria imalize shauri ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, isikilize siku hadi siku, na iahirishe kwa sababu nzito tu. Kesi hufunguliwa kwa mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama, jambo linalomfaa mtoto aliye mbali, ingawa mzee asiyezoea atahitaji kusaidiwa. Unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, kanuni kali za ushahidi hazitumiki, na Kiswahili kinakubalika. Nilimsikia mama mmoja akiisimulia kesi yake nzima kwa Kiswahili cha Eastleigh, akimtolea mwamuzi jumbe za simu moja baada ya nyingine, na hakuna aliyemkatiza. Ukimwajiri wakili, hesabu kwanza: anaweza kudai zaidi ya fedha unazozitafuta. Asiye na uwezo aulize msaada wa kisheria, kwa mfano katika Kituo cha Sheria, kinachowasaidia wasiojiweza hapa Nairobi tangu 1973.

Uzito wa uamuzi

Ahadi ya msimamizi ina uzito wa karatasi iliyoandikwa juu yake. Ahadi ya mdomo hufa msimamizi anapobadilishwa, na wanabadilishwa sana. Azimio la mkutano wa wamiliki lina nguvu zaidi, kwa sababu linabadilisha bajeti ya jengo zima, na hii ndiyo faida ambayo mahakama haiwezi kukupa kirahisi: ada hushuka kwa kila fleti, si kwa aliyelalamika peke yake.

Makubaliano ya upatanishi wa nje ni mkataba. Yakivunjwa, unarudi kudai kwa mkataba huo, na walau una waraka safi zaidi kuliko ule wa kwanza. Yale yaliyofikiwa chini ya mpango wa mahakama hupokelewa na mahakama na kutekelezwa kama amri yake.

Mamlaka ya Ushindani hushughulika na mwenendo wa mtoa huduma, na inapochukua hatua, athari yake hufika kwa majengo yote anayoyahudumia. Kwa upande mwingine, anayehitaji shilingi zake 25,200 kabla ya Krismasi asidhani kuwa hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya taasisi hiyo.

Hukumu ya Madai Madogo ni hukumu kamili. Asiyelipa hukazwa kwa utekelezaji, na rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu, hivyo upande ulioshindwa hauwezi kukuburuza upya juu ya mambo ya ukweli. Hata hivyo usitarajie mwamuzi akuamulie kamba ifungwe urefu gani au ufunguo ukae wapi. Atakupa fedha, au atakunyima.

Kuishi pamoja baadaye

Meza ya ndani ikitumiwa kwa heshima haiachi jeraha. Upatanishi unaweza hata kuponya lililokuwepo. Baada ya kikao chetu, yule msimamizi mwenyewe alipanda na kuikata kamba kwa urefu wa kufika karibu na sakafu, akamwonyesha shangazi jinsi ya kuivuta akiwa ameketi chini. Malalamiko kwa Mamlaka huleta ubaridi kidogo, lakini kwa kuwa yanaelekezwa kwa kampuni, mara nyingi mlinzi na keateka, yaani mtunza jengo, hawajioni wameshtakiwa. Kesi ndiyo yenye makali. Mkiamua kuifungua, mwiteni mlinzi kando mmweleze kwamba hamumdai yeye. Na mhakikishe mzee ana namba nyingine za kupiga, jirani mmoja aliye na ufunguo, na 999 au 112 zikiwa zimehifadhiwa mwanzoni mwa simu yake kwa herufi kubwa.

Nani ashike njia ipi

Ikiwa kengele haifanyi kazi sasa hivi na mzee yuko peke yake, anza na meza ya ndani leo, kwa maandishi, ukiambatanisha matokeo ya jaribio lako, na umuweke jirani mwenye ufunguo huku ukisubiri. Fedha zitadaiwa baadaye.

Ikiwa wewe ni mwenye fleti, una kiti katika mkutano. Kitumie kabla ya njia nyingine yoyote, ukidai mchanganuo na bei za kampuni zaidi ya moja. Ikiwa wewe ni mpangaji, mwandikie mwenye fleti wako kwanza na nakala kwa msimamizi, au omba barua ya kukuruhusu umwakilishe mkutanoni. Kama tungelijua hilo, zile wiki sita tungeziokoa.

Ikiwa ada imejitokeza bila notisi na inatozwa kwa wakazi wengi, kusanyeni ankara za miezi iliyotangulia na zile za baada ya mabadiliko, andikeni lalamiko moja la pamoja kwa Mamlaka ya Ushindani, na msiache kuzungumza na msimamizi, kwa sababu wakati mwingine nakala ya lalamiko hilo huifungua milango iliyokuwa imefungwa.

Ikiwa ada ilikubaliwa na huduma inatolewa, ila ongezeko ni zito kwa pensheni ya mzee, upatanishi ndio unaofaa zaidi, hasa pale mnapotaka kubaki katika jengo hilo. Nendeni na pendekezo, si na malalamiko peke yake. Sisi tulipendekeza ada irudi 1,800 kwa mwaka mmoja, laini ya simu iwekwe salio kila tarehe mosi, na ufunguo wa akiba ukae langoni katika bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi. Tulipata 2,100, salio na ufunguo, na shangazi aliridhika.

Ikiwa mzee amekwisha kuhama, au ameaga dunia, na ulilipa miezi mingi kwa huduma ambayo unaweza kuonyesha kwamba haikutolewa, hakuna ujirani wa kulinda, na Mahakama ya Madai Madogo ndiyo iliyo karibu nawe. Kwa aliyefariki, hakikisha kwanza kwamba anayedai ana mamlaka ya kisheria juu ya mali ya marehemu. Ikiwa mzee aliumia kwa sababu kengele haikulia, usiliandike dai hilo kama dai la ada. Ni dai la majeraha, linaweza kuvuka shilingi milioni 1, na ni vyema umwone wakili kabla hujasaini karatasi yoyote utakayoletewa na msimamizi, hata kama imeambatana na ahadi ya kurudishiwa ada yote.